Inhela Si Dawa ya Mwisho: Maswali na Majibu Kuhusu Pumu

Maswali haya nayasikia chumba cha dharura hapa Dar es Salaam, mara nyingi kwa wazazi wanaofika alfajiri na mtoto aliyeanza kubanwa tangu jioni.

Pumu ni nini?

Ni ugonjwa wa njia za hewa. Zinavimba kwa ndani, misuli yake inakaza, makohozi mazito yanaziba, na hewa inatoka kwa shida ikipiga filimbi. Hauambukizi. Vumbi, moshi wa mkaa, mafua na udi huuamsha.

Nimeambiwa mtoto akianza inhela, kile kichupa cha kupulizia dawa mapafuni, ataizoea, hataweza kuishi bila hiyo. Ni kweli?

Si kweli. Anayetumia ya bluu, ile ya kufungua kifua, kila mara ana pumu ambayo haijadhibitiwa, ndiyo maana anaihitaji. Inhela haimtii mtu uteja.

Lakini si ni dawa kali, ya waliofikia hatua ya mwisho?

Hapana, na nitajibu hapana kila nikiulizwa. Kidonge cha salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, mnachonunua dukani mara nyingi kina miligramu 4. Mpulizo mmoja wa inhela ya bluu, yenye dawa hiyo hiyo, una mikrogramu 100. Kidonge kina dawa mara 40 zaidi, kinapitia tumboni na kuzunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Tena kinachelewa, wakati inhela inafungua kifua ndani ya dakika chache. Mzazi anakataa inhela kwa kuogopa ukali, kisha anampa mtoto vidonge usiku kucha. Tafadhali, hili likome.

Mbona mnatuelekeza kupulizia inhela kwenye chupa ya maji? Si ubabaishaji huo?

Ni utafiti, tena wa Afrika. Inhela ya kupuliza ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956, na tangu hapo shida kubwa imekuwa kuifikisha dawa mahali pake. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni za kama mikromita 1 hadi 5. Zilizo kubwa zinagonga koo na kumezwa. Ukijipulizia mdomoni moja kwa moja, sehemu kubwa ya dawa inaishia kooni. Ndiyo maana kuna spesa, chemba ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo, lakini bei yake inawashinda wengi.

Profesa Heather Zar, daktari wa watoto wa Cape Town ambaye ametumia miaka mingi kutafiti mapafu ya watoto, alilivalia njuga jambo hilo. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti uliolinganisha spesa ya dukani, chupa ya plastiki ya mililita 500 na kikombe cha plastiki, kwa watoto waliokuwa wamebanwa. Chupa iliyozibwa vizuri kwa gundi ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe ndicho kilichofanya vibaya kuliko vyote.

Basi chukua chupa safi ya nusu lita, iliyokauka. Toboa kitako kwa waya uliopashwa moto, mdomo wa inhela uingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa gundi na uache ikauke. Mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, apumue taratibu humo humo mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Mtoto mchanga anahitaji barakoa, mlete kliniki.

Inhela ya bluu inanitosha?

Hapana. Inalegeza misuli tu, uvimbe unabaki. Ya kahawia, yenye steroidi, ndiyo inayopunguza uvimbe, na hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Sukutua mdomo kila baada ya kuitumia. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa ya bluu peke yake.

Amebanwa usiku. Tusubiri kupambazuke?

Msisubiri. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, mtoto akishindwa kunyonya, au dawa ya bluu ikiisha nguvu kabla ya muda wa masaa manne kupita, tafuteni bajaji sasa hivi. Njiani mpeni mpulizo mmoja kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, kwa chupa, hadi 10.

Tukimfukiza kwanza, au tukimpaka mafuta kifuani?

Hayafungui njia za hewa. Yanakula muda tu.

Na filimbi ikinyamaza, si amepata nafuu?

Kama bado anahangaika kupumua, hajapata nafuu: hewa haipiti tena. Huyo ndiye anayetutisha kuliko wote. Msimlaze, msingoje baba arudi na nauli. Gongeni kwa jirani.

Nitajuaje inhela imeisha?

Nyingi zina mipulizo 200. Andika tarehe uliyoanza na uhesabu. Kuitumbukiza kwenye ndoo kuona kama inaelea hakupimi chochote, na maji yanaweza kuziba tundu lake.