"Koti halina kitu hili, fundi"

Koti lililokuwa kwenye simu ya mteja lilikuwa la sufu nyeusi: halina kola, halina mfuko unaoonekana, vifungo vimefichwa. Akasema, "Fundi, hili halina kazi kubwa, nifanyie bei nzuri." Nashona Rotterdam miaka mingi sasa, na kila anayeniletea picha za nguo za Alexander van Slobbe husema hivyohivyo. Inaniuma, kwa sababu katika wabunifu wote wa Uholanzi huyu ndiye ninayemheshimu zaidi.

Dhana: nguo isiyo na urembo ni rahisi kushona.

Ni kinyume kabisa. Gauni la lesi na shanga husamehe. Mshono ukipinda, shanga hufunika. Kifua kikivutika, unaweka ua juu yake. Koti tupu halina pa kujificha. Van Slobbe, aliyesomea chuo cha sanaa cha Arnhem na kuanzisha lebo ya nguo ya orson + bodil mwaka 1988 pamoja na Nannet van der Kleijn, jina lake amelijenga kwenye ukataji. Kwake mshono ndio pambo.

Chukua bega peke yake. Mkono wa koti hukatwa mpana kidogo kuliko tundu lake, na upana huo wa ziada lazima umezwe kwa mvuke wa pasi mpaka usibaki hata mkunjo mmoja. Mimi huanza na amerikani: napiga bandi, mteja anavaa, nafumua, narekebisha, anavaa tena. Sufu yenyewe naigusa mwisho. Uzi wa kitambaa ukienda upande kidogo tu wakati wa kukata, koti linamkaa mtu kama la kuazima. Na ukitaka kifua kikae vizuri bila mkunjo wa kushonwa kuonekana, huna budi kuuhamishia ndani ya mshono mwingine. Hiyo ni siku nzima ya karatasi na penseli kabla sijashika mkasi.

Kwa hiyo bei siipunguzi. Ukienda dukani, igeuze nguo ndani nje. Tazama pindo, tazama bitana inavyokaa kwapani. Sura ya mbele peke yake haikuambii kitu.

Dhana: usahili ni kukosa ubunifu.

Mwaka 1993 van Slobbe alianzisha SO, lebo ya nguo za kiume, na soko lake kubwa likawa Japani. Wanunuzi wa kule wanakijua kitambaa na mshono, na ubunifu wake waliuona humo.

Dhana: Waholanzi wote hubuni hivi.

Viktor & Rolf, wabunifu wawili wa Kiholanzi, wametoka chuo hichohicho cha Arnhem, na mwaka 1999 walimsimamisha mwanamitindo mmoja jukwaani wakamvisha nguo juu ya nguo mpaka akatoweka ndani yake. Chuo kimoja, njia mbili.

Dhana: mitindo ya Uholanzi ni vitenge.

Hii huja na ndugu zetu wanaotoka nyumbani. Vlisco, kampuni ya vitenge ya Helmond hapa Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, huchapa kitambaa. Kukigeuza kiwe nguo ni kazi ya fundi. Mama mmoja aliniletea pisi ya kitenge ya yadi sita akitaka koti lilelile la kwenye picha. Nikamshonea, likatoka zuri, na maua yakaufunika mshono wa bega ambao kwenye sufu nyeusi ningelazimika kuufumua.