Kabla ya kulalamika kuwa makala zako hazikuhesabiwa

Msimu wa maombi ya kupanda cheo ukikaribia, watafiti wa afya huleta lalamiko lilelile: kielezo changu cha h, kipimo cha jinsi makala zangu zinavyorejelewa, Google Scholar inanipa 14, hifadhidata ya Scopus inanipa 6, na ninyi mnaopitia maombi mmeandika 6. Wengi huamini wameonewa. Mara nyingi rekodi zao zimetawanyika tu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kielezo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupatikana kwa kupanga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha kushuka hadi ya mwisho iliyorejelewa angalau mara sawa na nafasi yake kwenye orodha. Chukua makala saba zilizorejelewa na wengine mara 41, 19, 8, 6, 5, 3 na 0. Shuka nazo ukihesabu: ya tano imerejelewa mara 5, inatosha, ya sita mara 3, haitoshi. Kielezo ni 5. Ile ya kwanza hata ikifika mara 400, kielezo kitabaki 5. Tena hakishuki mtu akiacha utafiti, kwa hiyo si haki kumlinganisha mtafiti wa miaka 30 na aliyemaliza uzamivu juzi.

Google Scholar huhesabu pia tasnifu, ripoti na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu. Scopus hujifunga kwenye machapisho iliyoyaorodhesha. Zote mbili ziko sahihi kwa kipimo chake, ndiyo maana kila namba iandikwe pamoja na chanzo na tarehe iliyochukuliwa. Tumelisema hili mara nyingi, na bado mafaili yanakuja na namba tupu. Yatarudishwa.

Kinachowapunja watu kweli ni majina. Sisi huandika la kwetu, la baba na la babu. Mifumo hii hulichukua la mwisho kuwa la ukoo. Ukisaini majina mawili mwaka huu na matatu mwakani, umeshakuwa watu wawili. Ally na Ali ni wawili, Mohamed na Mohammed vilevile, na mtafiti aliyebadili jina baada ya ndoa hugawanyika katikati ya kazi yake. Wala usijumlishe vielezo vya wasifu mbili: 4 na 3 hazileti 7 moja kwa moja, makala zote hupangwa upya, na jibu laweza kuwa 5 au likabaki 4.

Dawa yake ni ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, inayotolewa bure tangu mwaka 2012. Jisajili kwa barua pepe mbili, ya kazini na ya binafsi, maana ukihama kituo ile ya kazini hufungwa na wewe unabaki nje. Ingiza tahajia zote ulizowahi kuchapishia. Ruhusu Crossref, mfumo unaosajili machapisho, iongeze makala mpya yenyewe, kisha itaje namba hiyo kila unapowasilisha muswada. Kwenye Scopus, omba wasifu zako ziunganishwe; fanya hivyo mapema, si wiki ya mwisho. Kwenye Google Scholar, zima uongezaji wa moja kwa moja, la sivyo makala za mtu mwenye jina lako zitaingia kwako na utaulizwa wewe.

Kuhusu majarida: kipimo cha athari (impact factor) cha mwaka 2024 ni idadi ya mara ambazo makala za 2022 na 2023 zilirejelewa mwaka 2024, ukigawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida, si alama ya makala yako. ISSN nayo ni namba ya utambulisho, si cheti cha ubora. Kuonekana kwenye PubMed, mtambo wa kutafuta makala za tiba, hakumaanishi jarida limekubaliwa MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochujwa. Jarida linaloahidi kupitia muswada kwa siku tatu na kudai ada papo hapo ni jarida hewa, na ada hiyo hairudi. Lihakiki kwenye orodha ya Scopus au DOAJ, orodha ya majarida huria, kabla ya kutuma, na anwani ya tovuti ikaguliwe herufi kwa herufi, kwani matapeli huiga tovuti za majarida halali.

Jina la mkuu wa idara haliingii kwenye orodha ya waandishi kwa heshima. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne na yote lazima yatimie: mchango wa maana katika utafiti, kuandika au kuhariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Kutafuta fedha pekee hakutoshi.

Na kurejelewa si kusifiwa. Makala ya daktari Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji, iliyotoka katika The Lancet mwaka 1998 kwa watoto 12 tu, ilibatilishwa mwaka 2010, na imerejelewa mno, mara nyingi kwa kupingwa. Makala yako ikibatilishwa, usiifute kimyakimya kwenye orodha. Iache, andika mbele yake "imebatilishwa" pamoja na tarehe, na uitoe kwenye hesabu yako ya alama. Kosa la kweli katika data likitangazwa na mwandishi mwenyewe hushughulikiwa kama kosa; likifichwa hadi lifichuliwe na wengine, huchunguzwa kama udanganyifu.