Mnunuzi Aione Picha ya Tingatinga Wakati Gani?

Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye jina la mwanzilishi wake, na wateja wanaoniagiza picha za kuchora kutoka mbali huniuliza jambo moja kabla hata ya bei, nalo ni kama watatumiwa picha za kazi inavyoendelea. Huwajibu kwamba watatumiwa, ila si katika kila hatua. Mteja akidhani nina siri ninayoificha huwa amekosea, kwa maana sababu imo katika rangi yenyewe. Aliyezoea rangi za mafuta za wasanii, ambazo hukawia kukauka na hukubali kukwanguliwa na kupakwa upya, huamini kwamba picha yoyote yaweza kurekebishwa hadi siku ya mwisho. Rangi tunayotumia sisi wa Tingatinga haina uvumilivu huo.

Ni rangi ya kung'aa inayouzwa kwa kopo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ile inayopakwa milango, mageti na baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kuanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, aliipaka juu ya vipande vya hadibodi vya karibu sentimita 60 kwa 60, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Mraba huo unaendana vizuri na hesabu ya dukani, kwani bao zima la futi 8 kwa 4 hutoa vipande 8 bila kubakiza kitu. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini aina ya rangi na mpangilio wa kazi alivyowaachia wanafunzi wake ndivyo tunavyofuata hadi leo, ingawa wengi wetu tumehamia kwenye kanvasi kwa kuwa msafiri hawezi kuingiza ubao katika sanduku lake.

Kazi huanzia nyuma na kuja mbele. Kwanza hupakwa mandharinyuma, mara nyingi kwa rangi mbili zinazokutanishwa kwa brashi pana zikiwa bado mbichi, kwa mfano rangi ya chungwa chini na njano juu, hadi mpaka wake upotee. Hapo hakuna cha kumwonyesha mteja. Picha huachwa ikauke hadi kesho yake, na wakati wa masika, hewa inapokuwa na unyevu mwingi, hulazimu kuiacha muda mrefu zaidi. Ikishikika bila kuacha alama ya kidole, huchora kwa chaki mistari ya wanyama, miti na ndege.

Hapo kwenye chaki ndipo ninapoipiga kazi picha kwa simu na kumtumia mteja, pamoja na maneno machache ya kumweleza rangi zitakazokuja, na sigusi brashi mpaka anijibu. Akitaka twiga wa tatu aongezwe, au mbuyu usogezwe kushoto, ni kazi ya kitambaa chenye unyevu na chaki nyingine. Akitaka vivyo hivyo baada ya rangi kupakwa, hali ni tofauti kabisa. Rangi ya kung'aa ikikauka huacha ukingo mdogo ulioinuka kila mahali brashi ilipopita, na nukta moja tu ya ngozi ya chui huwa na kimo unachoweza kukihisi kwa ncha ya kidole. Ukizifunika nukta hizo kwa rangi mpya zitapotea ukizitazama kwa mbele, lakini mwanga wa dirisha ukija kwa ubavu zitajitokeza zote, na mnunuzi ataishi na chui aliyezikwa chini ya anga.

Baada ya kukubaliana, sipendi kutuma tena kitu mpaka mwisho. Baadhi ya wenzangu hutuma video kila jioni, na sina ugomvi nao, kwa kuwa wanunuzi wengi hufurahia kuona mkono ukifanya kazi. Ila nimeona kwamba picha ya Tingatinga ikiwa nusu huonekana mbaya kuliko inavyostahili: mnyama aliyejazwa rangi moja bila nukta, jicho wala mstari wa pembeni ni doa tupu, na mteja akimwona hivyo huanza kutoa maelekezo juu ya jambo ambalo tayari limo katika mpango. Uhai huja mwishoni. Manyoya ya ndege na petali za maua, kwa mfano, huchorwa kwa brashi iliyochovywa rangi mbili kwa pamoja, nyeupe upande mmoja na nyekundu au buluu upande mwingine, kisha hubonyezwa na kuvutwa mara moja tu. Ukiurudia mstari huo rangi huchanganyika na kuwa uji.

Kazi iliyokamilika ni ngumu kuipiga picha, maana hung'aa kama kioo. Mimi huitoa barazani kwenye kivuli, asubuhi, nikaisimamisha wima na kuhakikisha kwamba nyuma yangu hapana ukuta mweupe wala gari. Mteja hupata picha moja ya kazi nzima, moja ya karibu inayoonyesha nukta, na moja ya ubavuni inayoonyesha mng'ao wake halisi. Nikitumia WhatsApp huzituma kama nyaraka, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na nukta ndogo huungana.

Pamoja na picha huandika kisa chake. Wanyama wa mbuga hawahitaji maelezo marefu, lakini picha za masheitani, za mganga au za hekaya, kama zile zilizompa sifa mchoraji Mohamed Charinda, hupoteza nusu ya thamani yake zikifika bila hadithi. Pia humkumbusha mteja kwamba anaponunua picha hanunui hakimiliki yake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, anayetaka kuichapa kwenye vikombe au kalenda anapaswa kuwa na ruhusa ya mchoraji, na ruhusa hiyo ni vyema iandikwe. Vivyo hivyo, akinitumia picha ya mchoraji mwingine na kuniomba niitoe kama ilivyo, humkatalia. Twiga na mbuyu ni vya wote, na kuigana ndiko tulikojifunzia, lakini mpangilio ambao mtu ameusumbukia kichwani mwake una mwenyewe.

Kinachobaki ni kufunga, na hapa haraka huharibu kuliko kokote. Rangi hukauka juu siku ile ile, lakini huendelea kuwa ngumu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo picha iliyokunjwa mapema hujigandisha yenyewe kwa yenyewe. Gazeti halifai kabisa, maana hushika na kuacha maandishi. Karatasi laini ya kuokea mikate ndiyo hutenganisha vizuri. Kanvasi huviringishwa upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba nene, ili rangi ivutike kidogo badala ya kubanwa na kukunjamana.

Mteja akishaipokea aifungue mara moja, ailaze juu ya meza na kuiacha itulie kabla ya kumpelekea fundi wa fremu. Wapo wanaoipiga pasi ili kuinyoosha, na joto hilo hulainisha rangi mpaka ikashika kitambaa. Aitundike mahali penye mwanga wa kawaida, mbali na jua kali, kwa kuwa nyeupe ya rangi hii ikikaa gizani muda mrefu hugeuka manjano, na mara nyingi hurudi kuwa nyeupe kiasi ikiletwa tena kwenye mwanga.