Vigogo wa chama na hasira ya mrengo wa kushoto: maana yake nini?

Chama cha mrengo wa kati-kushoto ni chama kinachotaka serikali itie mkono katika afya, mishahara, makazi na haki za wafanyakazi, ila bila kukosana sana na wenye biashara. Democratic cha Marekani ni kimojawapo, na Labour cha Uingereza vilevile. Ndani ya vyama hivi mna watu wanaoona mwendo ni wa kobe. Wa Marekani wanataka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu, na wa pande zote mbili wanataka kodi nzito kwa matajiri, na silaha zisipelekwe tena Israel. Hao ndio wanamageuzi. Juu yao wapo vigogo: viongozi wa bungeni, makao makuu ya chama, wachangiaji wakubwa wa pesa, na washauri wa kampeni ambao nyuso zao ni zilezile miaka nenda miaka rudi. Hasira ya kundi la kwanza kwa kundi la pili ndiyo dhana tunayoizungumzia.

Huku Lamu dhana hii hutuponyoka kwa sababu vyama vyetu havikugawanyika kwa kushoto na kulia. Chama kwetu ni mtu, ni eneo, ni muungano wa msimu mmoja. Lakini kuna mlango mmoja ambao kila mtu wa hapa anaujua, nao ni mchujo. Kijana anazunguka na mashua kutoka Amu hadi Matondoni, Faza, Kizingitini, anakula ahadi za watu na kuwapa zake, kisha tiketi ya moja kwa moja inateremka kutoka Nairobi ikiwa na jina la mwingine. Yale maneno yanayosemwa usiku huo barazani, ukiyatoa majina ya watu, ni yaleyale yanayosemwa kule Marekani, Vermont na New York.

Tofauti iko asubuhi yake. Kwetu aliyeonewa, au anayejiona ameonewa, hutafuta chama kingine au husimama kama mgombea huru, na wakati mwingine hushinda. Mmarekani wa mrengo wa kushoto hubaki palepale akinung'unika. Ukielewa kwa nini anabaki, umeielewa dhana nzima.

Anabaki kwa sababu ya hesabu. Marekani anayeongoza kwa kura ndiye anayechukua kiti, na karibu viti vyote viko mikononi mwa vyama viwili. Mwaka 2000 Ralph Nader aligombea urais kwa chama cha Green akisema vyama vyote viwili vimenunuliwa na makampuni. Huko Florida alipata kura zaidi ya 97,000. Al Gore wa Democratic alishindwa jimbo hilo kwa kura 537, na pamoja na jimbo akaupoteza urais kwa George W. Bush wa Republican, chama kile kikubwa cha pili. Je, wapiga kura wa Nader wangempa Gore kura zao, au wangebaki nyumbani? Watu wangali wakibishana. Hata hivyo tangu siku hiyo kila anayetaka kutoka Democratic huoneshwa namba hiyo ya 537, naye hurudi kuketi.

Basi vita vinapiganiwa ndani, na ndani wenye chama ndio wanaoandika kanuni. Mfano unaotajwa kila mara ni wa 2016. Bernie Sanders, seneta wa Vermont, alishindana na Hillary Clinton kuwania tiketi ya urais. Wajumbe wengi wa mkutano mkuu, unaomteua mgombea, hupatikana kwa kura za wananchi, lakini wakati huo kama 700 hivi walikuwa wajumbe maalumu: wabunge, magavana na wakubwa wa chama, kila mmoja huru kumuunga mkono amtakaye. Mamia yao walikwisha kujitangaza upande wa Clinton kabla jimbo hata moja halijapiga kura. Kwa hiyo ukifungua televisheni wiki ya kwanza, ubao wa hesabu ulikuwa unaonesha Sanders amebaki nyuma kabisa kabla hata ya kuanza.

Julai mwaka huo, mkutano mkuu wa Philadelphia ukiwa mlangoni, WikiLeaks, mtandao unaochapisha nyaraka za siri, walichapisha barua pepe za makao makuu ya chama. Zilionesha baadhi ya watumishi, waliotakiwa kuwa waamuzi, wakimsema vibaya Sanders na kuwazia njia za kumdhoofisha. Mwenyekiti Debbie Wasserman Schultz akatangaza kujiuzulu. Mwaka 2018 chama kikabadilisha kanuni: wajumbe maalumu hawapigi tena kura katika duru ya kwanza kama mashindano bado hayajaamuliwa.

Hapa niseme langu. Madai kwamba Sanders aliibiwa ushindi hayana mashiko. Clinton alimzidi kwa kura za wananchi zipatazo milioni 3.7. Tena vigogo nao wana lao: Sanders ni seneta huru, hakuwa mwanachama wa Democratic, naye akaja kuomba tiketi ya chama ambacho hakujiandikisha. Hebu fikiria mtu afanye hivyo hapa Lamu, atacheka nani na atalia nani! Lakini kushindwa kwa haki hakufuti kwamba mwamuzi alikuwa na upande. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na wengi wanaobishana hushika moja tu.

2020 mambo yalikuwa mepesi zaidi. Sanders aliwania tena tiketi akaanza vizuri, Joe Biden akashinda jimbo la South Carolina baada ya kuungwa mkono na mbunge Jim Clyburn, na ndani ya siku mbili wagombea wenzao Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajiondoa na kumpigia debe Biden. Hapo hapakuwa na barua pepe wala hila. Ni siasa. Mrengo wa kushoto uliliona jambo hilo kama njama, mimi naliona kama watu waliojua kupanga safu.

Hasira inayonigusa zaidi haihusu tiketi, inahusu kinachofanyika baada ya kushinda. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilipandishwa mara ya mwisho 2009, kikafika dola 7.25 kwa saa. Machi 2021 Democratic walikuwa na rais, bunge la wawakilishi na seneti. Sanders alipeleka pendekezo la dola 15. Likaanguka kwa kura 58 dhidi ya 42, na wanane kati ya waliolipinga walikuwa wa upande wao. Mpishi wa hoteli ya Alabama aliyeahidiwa nyongeza hawezi kuambiwa kwamba wapinzani peke yao ndio waliomnyima.

Mwaka 2025 mada hii ilifika Mkunguni, pale mbele ya ngome, kwa sababu ya Zohran Mamdani. Kazaliwa Kampala, ni Mwislamu, basi wazee walimfuata kama mtoto wa jirani. Juni alimshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani, katika mchujo wa umeya wa New York, akiahidi mabasi ya bure na kodi za nyumba zisipande kwa wapangaji wa nyumba ambazo kodi zake hudhibitiwa kisheria.

"Ami, lakini wakubwa wa chama chake wamenyamaza," kijana mmoja akasema.

"Kwani hakushinda?"

"Ameshinda."

"Basi wanangoja nini?"

Swali la mzee huyo ndiyo dhana nzima kwa maneno matatu. Tena wakati huu aliyehama alikuwa kigogo: Cuomo, baada ya kukosa tiketi, alisimama kama mgombea huru dhidi ya chama chake, jambo ambalo wanamageuzi wamekatazwa miaka yote kwa kutishwa na Florida. Hakeem Jeffries, kiongozi wa Democratic katika bunge la wawakilishi na mtu wa Brooklyn, sehemu ya jiji hilo la New York, alimuunga mkono Mamdani mwishoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya uchaguzi. Mamdani alishinda Novemba 4. Chuck Schumer, kiongozi wao katika seneti na mkazi wa jiji hilohilo, alipoulizwa siku ya kura alisema amepiga, na akakataa kutaja amempigia nani.