Overflow kwenye makro ya Excel haimaanishi kompyuta imejaa

Watu wengi wakianza kuandika makro za Excel (vile vijiprogramu vya kuifanya Excel ifanye kazi yenyewe) wakakutana na ile "Run-time error '6': Overflow" wanakimbilia kufuta mafaili, wengine oh RAM ndogo, oh faili zito. Hapana jamani, RAM haihusiki kabisa hapo.

Shida iko kwenye kigeu (variable), yaani kile kisanduku cha kutunzia namba, namba imezidi nafasi yake. Ukiandika Dim i As Integer umekipa nafasi ya biti 16 tu, mwisho wake 32,767, sasa shiti ya Excel tangu toleo la 2007 ina mistari 1,048,576, kwa hiyo lupu yako (loop, ile inayorudia kazi mstari kwa mstari) inatembea fresh tu na data za majaribio halafu siku unaweka data zenyewe inafika mstari wa 32,768 inagoma. Weka Long badala ya Integer, inafika 2,147,483,647, mistari ya shiti haiwezi kuimaliza.

Ila kuna mtego mmoja ulinitesa jioni nzima. x ni Long, nimeandika x = 300 * 200, bado overflow! Kumbe VBA, lugha ya makro za Excel, inaangalia kwanza 300 na 200, zote ndogo, inazichukulia ni Integer, inazidisha humo humo kwenye Integer, 60,000 haiingii, inagoma kabla hata x haijaguswa. Andika 300& * 200, hiyo alama ya & inailazimisha 300 iwe Long, kazi imeisha.

Halafu ukiandika Dim a, b As Long, ujue Long ni b peke yake, a inabaki Variant, yaani aina ya kubeba chochote.