Mtama dhidi ya gugu karoti

Ploti nyingi zilizoachwa wazi kuelekea Ruai, Nairobi, zimemezwa na gugu karoti. Mvua ikishika, linachanua takriban wiki nne baada ya kuota, na mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ng'ombe akilila, maziwa yanatoka machungu.

Gugu hili lina parthenini, kemikali inayozuia mbegu za jirani kuota. Mmea kumwaga kemikali za kuwadumaza wenzake ndiyo alelopathi, na inaweza kugeuzwa dhidi ya gugu lenyewe. Dawa ya moto ni moto.

Mimi hutumia mtama. Otesha mbegu chache juu ya karatasi ya shashi iliyolowa, kisha itazame mizizi kwa lenzi: kwenye ncha za vinyweleo kuna vitone vya manjano. Hiyo ni sorgoleoni. Huvuruga usanisinuru wa miche michanga palepale panapovurugwa na atrazini, ile dawa ya magugu wanayonunua wakulima wa mahindi kwa agroveti. Ila haipendi maji, kwa hivyo haisafiri. Inabaki karibu na mzizi. Ukipanda mistari iliyoachana sana, gugu litajiotea katikati bila wasiwasi.

Kwa hivyo panda mbegu kwa kubanana. Ng'oa gugu kabla halijachanua, ukiwa na glavu na shati la mikono mirefu, maana linawasha ngozi na kuleta mafua ya mzio. Mvua za masika zikianza, mwaga mtama, aina ya Gadam inafaa. Kivuli nacho kinasaidia, na kusema kweli shambani ni vigumu kutenganisha kazi ya kivuli na ya sumu. Mimi sijali, bora gugu lisiote. (Mtama mchanga usimpe ng'ombe: una sianidi.)

Ukishavuna, laza mabua juu ya udongo. Yakioza hutoa asidi za fenoli zinazokandamiza mbegu ndogo, za dania na mchicha zikiwemo, kwa hivyo usizipande hapo kwanza.

Wengi huniuliza kuhusu desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ule uliofanyiwa utafiti na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha hapa Kasarani. Ni mmea mzuri, lakini sifa yake ilitokana na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi: mizizi ya desmodiamu huchochea mbegu za kiduha kuota, kisha huzuia mizizi michanga ya kiduha isishike mahindi. Gugu karoti halinyonyi mmea mwingine, hivyo mtego huo haulihusu.

Msimu mmoja hautoshi. Mbegu zilizofukiwa huishi miaka kadhaa, na kando ya ua, ambako mtama haufiki, bado utahitaji jembe.