Mgongo wa mtoto hausubiri kadi ya kliniki

Mama mmoja alikuja kliniki mimba ikiwa ya miezi minne. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga sawasawa tumboni. Nilipompa vidonge vya asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia tatizo hilo, akavitazama kiganjani, akauliza, "Dokta, hivi vitamkinga huyu?" Ilibidi nimwambie ukweli: mgongo wa huyu ulishafunga, au ulishashindwa kufunga, zamani.

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Siku hizo wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi huandikiwa miligramu 5.

Uhakika kwamba asidi ya foliki huzuia mgongo wazi haukupatikana kwa nchi moja. Akina mama waliokwisha kupata tatizo hili na wanaotaka kuzaa tena ni wachache popote, hivyo watafiti wa Uingereza waliunganisha vituo 33 vya nchi 7, Hungaria na Israeli zikiwamo. Mwaka 1991 walihesabu mimba 1,195. Watoto 27 walikuwa na tatizo: 6 kwa akina mama waliopewa asidi ya foliki, 21 kwa wasiopewa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa jibu lilishaonekana.

Kwetu vidonge havitoshi, maana mimba nyingi huja bila kupangwa. Kinachomfikia binti mapema ni ugali na chapati. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi, asidi ya foliki ikiwamo, kwenye unga mwaka 2011, Kenya ikafuata 2012, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja. Ila nenda mashine ya mtaani: mtu anashusha debe lake la mahindi, anasagiwa, anaondoka. Virutubishi vinaingia saa ngapi?

Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani, kikao cha nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, ulipitisha azimio kuhusu kuongeza virutubishi kwenye vyakula ili kuzuia matatizo kama mgongo wazi, Kolombia ikiwa mstari wa mbele. Natamani wizara zetu zilishike mkononi zinapokwenda kwa wafadhili, ziombe mitambo midogo ya kuchanganyia virutubishi kwa wasagaji wadogo. Warsha tumeshafanya za kutosha.

Na wewe uliyetolewa mahari juzi, pita kituo cha afya wiki hii. Waambie unajiandaa kupata mtoto.